Kuitafuta Picha ya Seurat Katika Jumba Kubwa la Makumbusho

Mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anayepata nafasi ya kufika Chicago, London, Paris au New York, iwe kwa masomo, kwa mkutano au kwa kumtembelea ndugu, mara nyingi hubaki na nusu siku tu ya kufanya mambo yake mwenyewe. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, hasa akiwa mwalimu, mwanafunzi au mpenzi wa uchoraji ambaye amewahi kuona kitabuni picha ya Georges Seurat, iliyojengwa kwa vitone vidogo vya rangi, akatamani kusimama mbele ya picha yenyewe. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: usiende kutafuta mtindo, nenda kutafuta picha moja unayoijua, uwe umeshathibitisha imo chumba gani kabla hujaondoka unakolala, kisha uipe picha hiyo sehemu kubwa ya muda wako.

Hapa kwetu tumezoea makumbusho ambayo mtu huyamaliza. Ukiingia Boma la Iringa, katika lile jengo la enzi za Wajerumani, mwongozaji anaweza kukutembeza chumba baada ya chumba mpaka umeona kila kilichowekwa. Ukienda Kalenga, mahali linapohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, huhitaji ramani wala mpango. Jumba kubwa la ng'ambo haliendi hivyo. Metropolitan ya New York ina vitu zaidi ya milioni moja, na sehemu kubwa ya vitu hivyo imo ghalani. Art Institute ya Chicago ina vitu vinavyokaribia laki tatu. Mgeni anayeingia bila kujua anakokwenda hupitia vyungu vya Wagiriki, mavazi ya chuma ya askari wa kale na sanamu za Kibudha, na anapoufikia uchoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 miguu imekwisha na macho yamechoka. Picha za vitone zinadai macho mapya kuliko picha nyingi nyingine, kwa hiyo uchovu huo ni hasara ya kweli.

Chagua picha kabla ya kuchagua siku

Seurat alizaliwa Paris mwaka 1859 na akafariki mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 31. Alifanya kazi polepole na kwa majaribio mengi, kwa hiyo picha zake kubwa ni chache mno, nazo zimetawanyika katika miji iliyo mbalimbali. Ile maarufu kuliko zote, inayoonyesha watu wakipumzika siku ya Jumapili katika kisiwa cha Grande Jatte ndani ya mto Seine, aliyoichora kati ya mwaka 1884 na 1886, iko Art Institute ya Chicago. Picha ya waogaji wa Asnières ya mwaka 1884 iko National Gallery ya London, na katika mji huohuo, kwenye Courtauld Gallery iliyomo ndani ya Somerset House, kuna picha ya mwanamke kijana akijipaka poda. Wanawake watatu waliojiweka tayari ili wachorwe, picha ya 1886 hadi 1888, wako Barnes Foundation ya Philadelphia. Onyesho la usiku la nje ya hema la sarakasi, la 1887 hadi 1888, liko Metropolitan. Wachezaji wa dansi wanaorusha miguu, katika picha iitwayo Le Chahut ya 1889 hadi 1890, wako Kröller-Müller huko Otterlo, Uholanzi. Picha yake ya mwisho, Le Cirque, ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza, iko Musée d'Orsay ya Paris.

Mji unaokwenda ndio utakaokuchagulia. Lakini ikiwa una uhuru wa kuchagua, ninaamini picha ya Grande Jatte inastahili safari peke yake, kwa sababu ndani yake unaona mchoraji akiubuni mtindo huku akiendelea na kazi. Ikiwa fedha ni tatizo, chagua London, kwani kuingia National Gallery kuona mkusanyo wake wa kudumu ni bure.

Baada ya kuchagua, fungua tovuti ya jumba lenyewe, si tovuti za watalii ambazo hunakiliana habari za zamani. Nenda kwenye sehemu ya mkusanyo, kisha andika jina la ukoo la mchoraji peke yake. Ukiandika pointilizimu, jina la kawaida la mtindo huu wa vitone, unaweza kupata matokeo machache au usipate kitu, kwa sababu majumba mengi huiweka kazi hii chini ya neo-impresionizimu, jina lililotolewa na mhakiki Félix Fénéon mwaka 1886, na mengine huandika tu kwamba ni uchoraji wa Ufaransa wa karne ya 19. Tovuti nyingi zina mahali pa kubofya ili zikuonyeshe kazi zilizotundikwa ukumbini tu; pabofye, maana bila hivyo utaletewa pia michoro iliyomo ghalani na utajiona umepata hazina ambayo huwezi kuiona.

Ukurasa wa picha hukupa mwaka, vipimo, aina ya rangi, namba ya usajili na namba ya chumba. Andika mbili za mwisho kwenye daftari. Namba ya chumba ndiyo itakayokuongoza ndani ya jengo, na namba ya usajili ndiyo itakayomwezesha mhudumu wa mapokezi kukusaidia hata kama jina la picha mnaliita tofauti, jambo ambalo hutokea sana kwa sababu kila nchi hulitafsiri jina hilo kwa lugha yake. Kisha, usiku wa kuamkia siku yenyewe, angalia tena. Picha huazimwa kwa maonyesho ya miji mingine, hupelekwa kwa mafundi wa kuzitunza, na vyumba hufungwa kwa ukarabati bila mgeni kujua. Picha ya Grande Jatte ni ya pekee katika hili: mwaka 1958 iliazimwa kwa jumba la sanaa za kisasa la New York, moto ukazuka ndani ya jengo hilo, ikaokolewa salama, na tangu iliporudi Chicago haijasafiri tena. Nyingine hazina kinga hiyo.

Angalia pia siku za kufungwa, ambazo hazifanani. Orsay hufungwa Jumatatu na Metropolitan hufungwa Jumatano, na mtu mwenye siku moja tu mjini anaweza kuipoteza kwa kutojua hilo. Orsay huingiwa bure kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, lakini siku hiyo umati ni mkubwa, nawe utakuja kuona baadaye katika mwongozo huu kwa nini umati ni adui wa picha hizi kuliko wa picha nyingine. Kama unaimudu tiketi, ilipie na uingie asubuhi ya siku ya kazi, mara milango inapofunguliwa.

Yazoeze macho ukiwa bado nyumbani

Sehemu hii watu huiruka, na mimi ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Chukua simu yako ya kawaida, fungua ukurasa mweupe mtupu na uongeze mwanga hadi mwisho. Chovya ncha ya kijiti katika maji na udondoshe tone dogo sana juu ya kioo, dogo kuliko punje ya mtama, kisha liangalie kwa karibu. Tone hilo hukuza kama lenzi, na ndani yake weupe unavunjika: utaona chembe za nyekundu, kijani na buluu zikiwa zimepangwa kando kwa kando, bila nyeupe hata moja. Ukilifuta tone na kusogeza simu mbali, weupe unarudi. Jicho lako limezichanganya chembe zile kwa sababu ni ndogo mno kutofautishwa kwa umbali huo.

Zoezi la pili linafanyika barabarani. Ukiwa Mwanjelwa au Kabwe mjini Mbeya, tafuta bango kubwa la matangazo lililobandikwa chini kiasi cha kufikiwa, usogee mpaka uone vitone vya wino vilivyojenga uso wa mtu, kisha urudi nyuma taratibu huku ukichunguza ni hatua gani vitone vinapotea. Mahali hapo hapafiki ghafla. Kuna hatua chache katikati ambapo vitone havionekani vizuri wala rangi haijatulia, na uso unakuwa kama unatetema. Hatua hizo za katikati uzikumbuke, kwa kuwa ndizo Seurat alizozifanyia kazi.

Nadharia yake ilitoka kwa wanasayansi. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilionekana dhaifu. Aligundua kwamba rangi yenyewe ya nyuzi hizo haikuwa na kasoro. Rangi zilizofumwa kando ya nyeusi ndizo zilizobadilisha jinsi jicho lilivyoiona. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kuhusu kanuni hiyo: rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huisukuma nyenzake iende upande wa pili, na rangi pinzani kama buluu na ya machungwa, au nyekundu na kijani, hukolezana. Mmarekani Ogden Rood aliongeza mwaka 1879 maelezo ya tofauti kati ya kuchanganya rangi kwenye ubao na kuchanganya mwanga ndani ya jicho. Mchoraji akikoroga buluu na machungwa kwa kisu chake anapata tope. Akiviweka vitone vya rangi hizo kando kwa kando bila kuvikoroga, kila kitone hurudisha mwanga wake, na uso wa picha hubaki na uhai ambao tope halina.

Msomaji aliyezoea picha za Tingatinga, ambazo nazo zina vitone vingi, asichanganye mambo haya mawili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, na mafundi waliomfuata walitumia vitone kupamba: doa la chui ni doa la chui, nalo linapaswa kuonekana. Kitone cha Seurat hakikukusudiwa kuonekana peke yake bali kufanya kazi na jirani zake.

Siku yenyewe

Fika na mzigo mdogo. Mabegi makubwa ya mgongoni hayaruhusiwi ukumbini, na foleni ya kuyahifadhi inaweza kula muda wako. Koti zito pia liache mapokezi, hata kama nje kuna theluji. Sisi wa Makete na Njombe baridi tunaijua na huwa hatupendi kuachana na koti, ila ndani ya majumba haya kuna joto la kutosha, na mtu anayetokwa jasho hawezi kutazama picha kwa utulivu.

Omba ramani ya karatasi. Kabla ya kupanda ngazi yoyote, tambua namna nchi hiyo inavyohesabu sakafu. Kwetu, kama ilivyo Uingereza na Ufaransa, ghorofa ya kwanza iko juu ya sakafu ya chini. Marekani sakafu ya chini yenyewe ndiyo namba moja. Kwa hiyo Chicago wanapokwambia picha iko sakafu ya pili, wanamaanisha unapanda mara moja tu: unaingia kwa mlango wa Michigan Avenue wenye simba wawili wa shaba, unapanda ngazi kuu, unanyoosha mbele, na picha ya Grande Jatte imekuwa kwa miaka mingi katika chumba namba 240. Jengo hilo limeongezewa sehemu nyingi tangu lilipofunguliwa mwaka 1893, na mtu akiingia kwa mlango wa upande wa sehemu mpya iliyofunguliwa mwaka 2009 atatembea mbali bila sababu.

Ukipotea, muulize mlinzi wa chumba badala ya mgeni mwenzako. Walinzi husimama humo siku nzima na wengi wao wanazijua picha vizuri. Jina la mchoraji hutamkwa karibu na "Sera", na herufi ya mwisho haisikiki. Kama una wasiwasi, mwonyeshe daftari lako lenye jina na namba ya chumba. Salamu fupi kwanza, kisha swali. Adabu hiyo tuliyolelewa nayo hupokelewa vizuri popote.

Njiani, usisimame. Najua ni ushauri mgumu, kwa sababu utapita mbele ya kazi za Monet na Renoir na nyingine ulizoziona vitabuni, lakini zitakuwapo utakaporudi.

Mbele ya picha

Utakapoiona kutoka mlangoni, baki mlangoni. Picha ya Grande Jatte ina kimo cha sentimita 207 na upana wa sentimita 308, nayo imepangwa ili ionekane kwa mbali kwanza. Kutoka huko watu wake wanaonekana wameganda kama sanamu: mwanamke wa upande wa kulia aliyeshika kamba ya kima, mwanamume aliyejilaza kushoto na kiko mdomoni, mtoto mwenye gauni jeupe katikati, ambaye anatazama mbele moja kwa moja. Jipe dakika kadhaa hapo. Angalia mgawanyo wa kivuli na jua tu, usitafute vitone.

Kisha songa mbele kwa hatua chache chache, ukisimama kila mara. Kuna mahali ambapo nyasi zitaanza kutetema, sawasawa na lile bango la Mwanjelwa, na hapo ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Rangi haijaungana wala haijaachana. Watu wengi wanaeleza uchoraji huu kana kwamba vitone huyeyuka kabisa na kuwa rangi moja safi, lakini ukisimama hapo utaona kwamba sivyo; muungano haukamiliki, na kutokamilika huko ndiko kunakotoa mng'ao. Kama mtu mwingine amesimama mbele yako, huwezi kuipata hatua hiyo, na ndiyo sababu nimekusihi uende asubuhi. Kutazama picha hizi ni kazi ya miguu: rudi nyuma, songa mbele, rudi tena, na katika chumba kilichojaa watu haiwezekani.

Mwishowe fika karibu, ukiheshimu mstari au kamba iliyowekwa, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Usinyooshe kidole kuelekea kwenye kanvasi. Kengele inaweza kulia na mlinzi ana haki ya kukurudisha nyuma. Kwa karibu utaona jambo ambalo vitabu vingi havikuonyeshi, kwamba picha haikujengwa kwa vitone peke yake. Chini yake kuna mipigo mipana ya brashi, ya mlalo kwenye maji na ya kukatana kwenye nyasi, kwa sababu Seurat alianza kazi mwaka 1884 kwa namna hiyo na vitone akavitandaza juu yake baadaye, mwaka 1885 na 1886. Katika nyasi za kivulini tafuta buluu. Katika zile za juani tafuta machungwa. Chunguza pia kingo za miili ya watu: pale mwili wenye giza unapokutana na nyasi zenye mwanga, mwanga umeongezwa kidogo, na giza nalo limeongezwa. Hiyo ni kanuni ya Chevreul ikifanya kazi kwa brashi.

Utagundua vitone vya rangi ya kahawia mahali pa jua, visivyoelekea kuwa na sababu. Vilikuwa vya njano kali. Seurat alitumia rangi mpya ya siku zile, njano ya zinki, ambayo iligeuka mapema, kiasi kwamba watu wa wakati wake waliliona jambo hilo miaka michache tu baada ya kifo chake. Kwa sababu hiyo usishangae ukiona picha imepoa kuliko ulivyotarajia. Mwanga wa chumba hauna kosa, na kijani unachokiona kilikuwa kikali zaidi.

Mzunguko wa nje usiuache. Miaka kadhaa baada ya kumaliza, Seurat aliongeza ukingo wa vitone kuizunguka picha yote, mfano wa pindo la kanga lililochapwa katika kitambaa kilekile, isipokuwa rangi ya pindo hili hubadilika kadiri linavyotembea, ikipingana na rangi iliyo jirani yake ndani ya picha. Lifuate kwa macho kutoka kona moja mpaka kona inayofuata. Watu wengi hupita bila kuliona, wakidhani ni sehemu ya fremu.

Mahali pa kukaa pakiwapo, kaa. Piga picha ya lebo, bila mwanga wa kamera, halafu weka simu mfukoni. Nusu saa si nyingi kwa picha hii.

Mambo ya kuangalia katika miji mingine

London, picha ya waogaji ni ya kabla ya vitone, nayo ilikataliwa na waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris mwaka 1884. Inaonyesha vijana wa tabaka la wafanyakazi wakipumzika ukingoni mwa mto, viwanda vikitoa moshi nyuma yao. Ukisogea karibu na mvulana aliye majini upande wa kulia, yule aliyeweka viganja mdomoni kama anayeita, angalia kofia yake: juu ya rangi ya machungwa kuna vitone, vikiwemo vya buluu, ambavyo Seurat aliviongeza miaka kadhaa baadaye alipokwisha kuupata mtindo wake. Kofia hiyo moja inakufundisha zaidi ya sura nzima ya kitabu. Tazama pia mgongo wa kijana aliyeketi katikati, jinsi maji yalivyotiwa giza pale ngozi ilipo na mwanga na kung'arishwa pale ngozi ilipo na kivuli. Ukitoka hapo, Courtauld haiko mbali. Ni mwendo mfupi wa miguu kwa kufuata barabara ya Strand, ingawa huko unalipa.

New York, onyesho la usiku la sarakasi limechorwa kwa rangi za giza chini ya taa za gesi, na mtu anayetoka kwenye chumba chenye picha angavu ataiona kama ukungu mtupu. Simama mpaka macho yazoee, ndipo mpiga tromboni na safu ya vichwa vya watazamaji watakapojitokeza. Paris, Le Cirque inafaa kutazamwa kwa sababu haijakamilika: mistari ya buluu ya kupangia umbo bado inaonekana, na unaweza kuona kazi ilivyoanza chini ya vitone.

Ikiwa umefika na picha haipo, muulize mhudumu kama kuna kazi za wenzake. Paul Signac aliishi hadi mwaka 1935 na kuuendeleza mtindo huo kwa miraba mikubwa zaidi ya rangi. Orsay ina picha yake ya wanawake kisimani ya mwaka 1892, na Chicago ina mandhari yake ya Les Andelys ya mwaka 1886. Henri-Edmond Cross, Maximilien Luce na Mbelgiji Théo van Rysselberghe nao wamo katika majumba mengi, na Camille Pissarro, aliyekuwa mzee kwao wote, alichora kwa vitone kwa miaka michache kabla ya kuacha. Angalia pia vibao vidogo vya mbao ambavyo Seurat alivitumia kwa majaribio. Vinakaribia ukubwa wa daftari la shule, hutundikwa kwa unyenyekevu pembeni, na ndani yake unauona mkono wake ukienda haraka. Michoro yake ya krayoni nyeusi huonyeshwa kwa nadra, kwa kuwa karatasi huharibiwa na mwanga, lakini baadhi ya majumba yana chumba maalumu cha kusomea ambako mtu anaweza kuiona kwa miadi. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, utaje namba ya usajili na sababu yako. Kusema kwamba wewe ni mwalimu ni sababu inayotosha.

Kwa asiyesafiri

Mwalimu aliyeko Mafinga au Tukuyu naye anaweza kufanya sehemu ya kazi hii. Art Institute na Metropolitan huruhusu picha zao za zamani zisizo na haki miliki zipakuliwe bure kwa ubora mkubwa, na ukurasa wa Grande Jatte hukuruhusu kuikuza mpaka uone mpigo mmoja wa brashi. Faili ni zito, kwa hiyo lipakue mahali penye intaneti ya kasi badala ya kumaliza bando lako. Usipeleke faili hilo kuchapishwa steshenari kwa ajili ya somo la vitone: mashine ya kuchapisha huweka vitone vyake yenyewe, na wanafunzi watakuwa wanachunguza mashine badala ya Seurat. Tumia projekta. Pima ukutani kwa chaki sentimita 207 kwa 308, ujaze nafasi hiyo na picha ya kutoka kwenye projekta ili ukubwa uwe halisi, kisha waanzie mlangoni mwa darasa na kusogea mbele wawili wawili, kila mmoja akiweka alama sakafuni pale nyasi zinapoanza kutetema kwake. Alama hazitakuwa mahali pamoja, kwa sababu macho ya watu hayalingani, na mwanafunzi ambaye alama yake iko karibu mno na ukuta kuliko za wenzake inafaa ashauriwe kupimwa macho.